Nikimaliza anthropolojia Lubumbashi, nitabisha mlango wa nani?

Binti wa Katuba anauliza:

Wakubwa wangu, nawasalimu kwa heshima. Niko mwaka wa mwisho wa anthropolojia hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na tasnifu yangu imebaki sura moja tu ikamilike. Kila Jumapili baada ya kula, baba hunirudia na swali lile lile: binti yangu, ukishaipata hiyo diploma, Jumatatu asubuhi utabisha mlango wa nani? Sina jibu. Kaka yangu alisomea umeme, na mtaa mzima unajua wa kumwita taa zikizimika. Mimi nikitaja masomo yangu, shangazi zangu huuliza kama ni tawi la udaktari, nami sijawahi kupata maneno machache ya kuwatosheleza.

Kilichonivuta kwenye masomo haya ni misalaba ya shaba. Nilikuwa sekondari tulipopelekwa kwenye makumbusho ya mji wetu, nikaiona ile misalaba ya makaburini, nikatambua umbo ninalolijua tangu utoto kutoka kwenye bendera ya zamani ya Katanga, bila kujua kwamba wazee wetu walilimimina kwa shaba na kuzikwa nalo karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Tangu siku hiyo moyo wangu uko kwenye akiolojia, yaani kuchimba na kusoma mabaki ya watu wa kale. Lakini darasani tumesoma zaidi ukoo, ndoa, mamlaka na desturi. Uchimbaji nimeujua vitabuni tu.

Je, kazi zipo kweli, au nihamie sheria au mazingira kabla sijachelewa? Na akiolojia, ni ya wale tu wenye uwezo wa kwenda Ulaya? Naomba mnijibu kwa ukweli hata ukiwa mchungu, kwa sababu karo ya mwaka huu mama aliilipa kwa kuuza unga sokoni mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini, na sitaki kumpa matumaini yasiyo na msingi.

Yaya wa Ruashi anajibu:

Mdogo wangu, mimi yaya wako, yaani mkubwa wako, nakujibu. Umeomba ukweli, basi nianze na ule unaouma: ukingoja tangazo la kazi lenye neno anthropolojia, utazeeka ukingoja. Mimi nina diploma hiyo hiyo, na kwa miaka tisa nimefanya kazi ya uhamishaji wa wakazi katika maeneo ya migodi kati ya Likasi, Fungurume na Kolwezi. Mikataba yangu imeniita afisa wa mahusiano na jamii, msimamizi wa uchunguzi wa kaya, mwandishi wa ripoti ya kijamii. Jina la somo letu halijaandikwa hata mara moja. Kazi yenyewe, hata hivyo, ni anthropolojia tupu, na ipo.

Ipo kwa sababu ya fedha. Mgodi mkubwa hukopa katika benki za nje, na nyingi kati ya benki hizo humtaka mkopaji afuate Viwango vya Utendaji vya Shirika la Fedha la Kimataifa, lile tawi la Benki ya Dunia linaloitwa IFC. Toleo linalotumika ni la mwaka 2012: kiwango cha 5 kinahusu ardhi na uhamishaji wa watu, cha 7 kinahusu watu wa asili, na cha 8 kinahusu urithi wa kitamaduni. Juu ya hayo iko Sheria yetu ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, ambayo inaitaka kampuni itie saini hati ya ahadi pamoja na jamii zilizoguswa na mradi, na itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii hizo. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba kazi za mgodi zikifukua kitu cha urithi wa taifa, mwenye kibali haruhusiwi kukiondoa mahali pake, bali lazima awaarifu wakuu wa serikali kwa maandishi. Sasa fikiria dereva wa tingatinga anayekutana na mrija wa udongo ulioungua, ule uliopitisha upepo wa mivukuto kwenye tanuri la wayeyushaji wa zamani. Kwake ni tofali bovu. Lazima awepo mtu wa kumwambia asimame.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Tulitumwa kuhesabu makaburi ya kijiji kilichokuwa kihamishwe. Wapima ardhi walikuwa wametutangulia na vifaa vyao, wakarudi na makaburi kumi na manne, yote yenye saruji au msalaba wa mbao. Siku ya tatu nilikaa na bibi mmoja aliyekuwa akimenya mihogo. Sikumwuliza habari za makaburi. Nilimwuliza amezaa mara ngapi. Akataja watoto tisa kwa majina, nami nilikuwa nimeshaonana na wanne. Nikanyamaza, nikachukua kisu nikamsaidia kumenya. Baada ya kitambo akafuta mikono kwenye kitenge, akainuka, akaniongoza nyuma ya mashamba hadi kwenye kichuguu kimoja kikubwa, kama vile tunavyoviona huku kwetu, kirefu kama nyumba. Ubavuni mwake palikuwa na kikombe cha bati kilichotobolewa kitako na sahani mbili zilizopasuliwa kwa makusudi. Akanionyesha kwa kidevu: huyu hapa, huyu, na yule pale. Kufikia jioni ya siku iliyofuata orodha yetu ilikuwa na makaburi thelathini na moja, kila moja likiwa na jina la aliyelala humo na la ndugu wa kuulizwa kabla halijaguswa. Lile swali la uzazi nililifundishwa mwaka wa kwanza, tulipokuwa tukijifunza kuchora mti wa ukoo, wakati wengi wetu tulidhani tunapoteza muda.

Kazi hii ina mtego wake, nawe uujue mapema. Wanakijiji watakuona ukishuka kwenye gari la kampuni kabla hawajakusikia ukisema neno. Na upande wa pili, mradi mmoja ambao sitautaja uliwahi kunitaka nifute aya iliyoonyesha kwamba wajane wameachwa nje ya orodha ya fidia kwa sababu mashamba yaliandikwa kwa majina ya waume zao waliokufa. Nilikataa, mkataba wangu haukuongezwa, na nikakaa miezi saba bila kazi. Ile aya bado ninayo, na sijajuta.

Kuhusu kuhamia sheria au mazingira, sikushauri. Ongeza juu ya ulicho nacho. Jifunze QGIS ili uchore ramani zako mwenyewe, na KoboToolbox ya kukusanya majibu kwenye simu. Zote mbili unaweza kujifunza bila kulipa. Andika Kifaransa kisichohitaji kusahihishwa, maana ripoti mbaya humwangusha hata mtafiti mzuri. Halafu shika lugha moja ya kijijini barabara, iwe Kisanga, Kiluba, Kikaonde au Kibemba. Kiswahili kitakufungulia mlango wa mbele, lakini habari za ardhi na wafu huzungumzwa jikoni, kwa lugha ya nyumbani.

Mzee wa Kamalondo anajibu:

Binti, nimeishi na vitu vya makumbusho sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo niruhusu nirudi kwenye ile misalaba, maana swali lako lilianzia hapo, na wenzako wengi huanzia kwenye mshahara.

Makumbusho yetu yalianzishwa mwaka 1946, kutokana na kazi ya Francis Cabu, mtafiti wa mambo ya kale. Makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Upemba, yalichimbwa na Jacques Nenquin mwaka 1957, na Jean Hiernaux mwaka 1958, kisha Pierre de Maret akarudi huko mwaka 1974. Waliyoyakuta yanaonyesha watu walioishi hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wavuvi na wahunzi, waliozika wafu wao na vyungu vya ufundi wa hali ya juu, vyuma na mapambo ya shaba. Katika makaburi ya karne za baadaye misalaba huwa mingi, tena midogo, na vipimo vyake hukaribiana. Ndiyo sababu wataalamu husema ilikuwa imekwisha kuwa fedha. Uliza swali dogo tu: shaba ile ilitoka wapi? Bonde la Upemba halina machimbo. Ilitoka huku kwetu kusini, ikasafiri mwendo wa siku nyingi, maana yake palikuwa na njia, masoko na makubaliano. Angalia majina ya waliochimba, kisha jiulize ni wangapi wamezaliwa katika mkoa huu.

Watu hudhani kazi hii ni kuchimba. Kuchimba ni wiki chache. Kilichobaki cha mwaka ni meza. Unachukua kigae kimoja cha mdomo wa chungu, unakipiga mswaki laini ndani ya karai la maji, unakiacha kikauke kivulini, unakiandika nambari kwa wino upande wa ndani ili pambo la nje lisiharibike. Kisha unakisimamisha juu ya ubao wenye mistari ya duara, unakisogeza taratibu hadi mkunjo wake ulingane na mstari mmoja, ndipo unajua chungu kizima kilikuwa na mdomo mpana kiasi gani, ingawa mkononi mwako kuna kipande kisichozidi vidole viwili. Unachora umbo lake na unene wake. Kisha unachukua kinachofuata, na kinachofuata, mamia kwa mamia. Kama kazi ya namna hiyo inakupa utulivu wa moyo, wewe ni mwanaakiolojia. Kama inakuchosha siku ya pili, kuna njia nyingine za kuitumia elimu yako, nawe usione haya kuzifuata.

Hutalazimika kwenda Ulaya ili ujifunze. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia tangu miaka ya 1980; masomo hutolewa kwa Kiingereza, lakini kambini na nyumbani Kiswahili chako kitakubeba. Porto-Novo, nchini Benin, iko Shule ya Urithi wa Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1998, ambayo huwafundisha watu wa makumbusho kutunza na kuorodhesha vitu, na Kifaransa unacho. Makaa tunayoyatoa ardhini bado hupelekwa maabara za ng'ambo ili yapimwe umri, lakini makaa husafiri bila wewe kusafiri nayo.

Usitarajie mshahara mnono katika utumishi wa makumbusho. Hata hivyo kuna kazi mpya ambayo kizazi changu hakikuipata. Februari 2022 Ubelgiji ilikabidhi kwa serikali yetu orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyotoka nchini mwetu na vilivyomo katika makumbusho ya Tervuren, na Julai mwaka huo ikatoa sheria kuhusu kurudisha vilivyochukuliwa isivyo halali. Ili kitu kirudi, lazima mtu aonyeshe kilitoka kijiji gani, mikononi mwa nani, kwa njia gani. Kitambulisho kilichofungwa kwenye kinyago mara nyingi kina neno moja la kabila na jina la aliyekikusanya, basi. Anayeweza kulisoma hilo neno moja, akaenda kijijini akakaa na wazee hadi wamkumbuke fundi aliyekichonga, ni mtu wa masomo yako. Orodha imeshafika. Wasomaji wake ndio wachache.

Na jambo moja linaloniumiza: nchi yetu ina maeneo matano katika Orodha ya Urithi wa Dunia, yaani Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Hifadhi ya Okapi, na yote matano ni ya wanyama na misitu. Hakuna hata moja linalosimama hapo kwa ajili ya kazi ya mikono ya watu. Faili la namna hiyo huandikwa kwa miaka, na watakaoliandika bado mko shuleni.

Mama wa Bukavu anajibu:

Mwanangu, nakusalimu kutoka Bukavu. Waliotangulia wamesema ya shaba na ya makumbusho. Mimi nitasema ya hospitali na ya msitu, kwa kuwa huku mashariki wenzako wengi wamepata kazi huko.

Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, wiki za kwanza madaktari walidhani inahitajika chanjo na dawa tu. Ugonjwa ule uliendelea hadi Juni 2020, ukawapata watu 3,470 na kuwaua 2,287, na katika muda huo wote kikwazo kikubwa hakikuwa upungufu wa dawa pekee, bali watu kutowaamini waliozileta. Ndipo wakaanza kuwatafuta watafiti wa jamii. Nilikuwa katika timu iliyoambatana na wazikaji. Nakumbuka nyumba moja ambako vijana walikuwa wameshika mawe, wamekataa maiti ya dada yao isichukuliwe. Wazikaji walitaka polisi waitwe. Mimi nikaomba nizungumze na mama mzazi. Alisema maneno machache: mnamfunga kama mzigo, nitajuaje kama ni yeye mliyemzika? Alitaka kuuona uso, na alitaka kitenge cha harusi cha binti kiingie kaburini. Tukakubaliana: uso ataonyeshwa akiwa mbali kwa hatua kadhaa kabla mfuko haujafungwa, na kitenge kitawekwa na mzikaji mwenye glavu, mama akitazama. Vijana wakayaacha mawe chini, wenyewe wakashika majembe.

Lakini sikufichi: mikataba hiyo huisha siku ugonjwa unapotangazwa kuwa umekwisha. Ilikuwa hivyo kwa Ebola. Baadaye ilipozuka mpox, ule ugonjwa wa vipele, ya aina mpya, ile iliyoonekana Kamituga, huku Kivu Kusini, mwaka 2023, simu zikaanza kulia tena. Anayetaka kudumu katika afya ajifunze takwimu za kutosha kuzungumza na madaktari kwa lugha yao, la sivyo ataitwa tu pale mambo yanapoharibika.

Eneo la pili ni haki za ardhi. Sheria ya Julai 2022 imewatambua na kuwalinda watu wa asili wa Kongo, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi uliowapa haki Wabatwa waliofukuzwa katika ardhi ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega miaka ya 1970. Mwanasheria husimama mbele ya tume, lakini mikononi mwake hana budi kuwa na vizazi vya kila ukoo, majina ya vilima, mahali pa matambiko, na miti iliyotundikwa mizinga ya babu fulani. Hayo hukusanywa kwa miguu, na mtu aliyefundishwa kusikiliza. Kama ulifikiria sheria, basi usiwe mwanasheria wa pili mezani. Uwe yule anayemletea mwanasheria ushahidi.

Mwalimu wa Likasi anajibu:

Niongeze neno fupi. Wengi wa darasa langu walimaliza anthropolojia, na zaidi ya nusu tunafundisha sekondari. Sisemi hili kama msiba. Nafundisha historia, na kila mwaka nawatuma wanafunzi wa darasa la mwisho wakaandike maisha ya nkambo zao, yaani babu na bibi zao, katika kambi za wafanyakazi wa migodi. Madaftari hayo yamejaza kabati. Ila binti, ukitaka ualimu ukupe mshahara wa uhakika, ulizia mapema stashahada ya ualimu inayotakiwa, kwa sababu mimi nilichelewa miaka miwili kwa kutojua. Wala usiukimbilie ualimu kwa kukata tamaa; watoto hutambua upesi mwalimu ambaye moyo wake uko kwingine.

Binti wa Katuba anajibu:

Wazee wangu, mama yangu na yaya, nimesoma yote mara mbili, kisha nikamsomea baba kwa sauti. Aliposikia habari za yule bibi na kichuguu alinyamaza muda mrefu, halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani: kwamba babu yake mwenyewe amezikwa namna hiyo, upande wa Kambove, na kwamba alipopita huko mwaka jana alikuta vigingi vya saruji vya wapima ardhi vimesimikwa hatua chache kutoka hapo. Hajui ni vya nani.

Sura yangu iliyobaki ilikuwa ya nadharia za urithi. Nimeandika barua kwa profesa wangu nikimwomba niibadilishe iwe ya makaburi ya vichuguu ya ukoo wa baba: yako wapi, nani amelala humo, nani anajua. Yaya, ninaomba kuuliza: je, niweke ramani yenye mahali kamili pa kila kaburi? Naogopa kwamba nikiyaandika wazi, nitakuwa nimewaonyesha njia wasiotakiwa kuijua.

Yaya wa Ruashi anajibu:

Hapo sasa umeuliza swali la kazi yenyewe. Tengeneza ramani mbili. Ya kwanza iwe kamili, yenye vipimo vyote, ikabidhiwe wazee wa ukoo kwa mkono na nakala moja kwa mkuu wa kijiji, nao ndio watakaoamua nani aione. Ya pili, ile ya tasnifu, ionyeshe eneo kwa ujumla tu, na majina yaandikwe kwa ruhusa ya familia, moja baada ya jingine. Soma pia ile Sheria ya Machi 1971 ya kulinda mali za kitamaduni, nambari 71-016, uitaje katika utangulizi, ili atakayeshika tasnifu yako ajue kwamba makaburi hayo hayakuachwa bila ulinzi wowote.

Vile vigingi vipige picha vikionyesha nambari iliyochorwa juu yake. Nambari hiyo uende nayo katika ofisi ya madini ya mkoa, uulize kwa adabu kibali ni cha nani. Nenda na baba. Na ukiisha kuandika kurasa mbili za kwanza, niletee Ruashi Jumamosi yoyote mchana, tuzisome pamoja kabla profesa hajaziona.